Malalamiko Kuhusu Wateja Wasiorudisha Vigoda

Kwa Msimamizi wa Soko la Mtandaoni,
Dawati la Wauzaji Wadogo.

Yahusu: Sera ya kurudisha bidhaa na namna inavyoniharibia maisha

Ndugu Msimamizi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, umekaa mahali penye hewa, na kiti ulichokalia hakichezi. Kama kinacheza usione haya, niletee nikitazame. Hilo ndilo jambo lenyewe ninalotaka kukuandikia, ila nitalifikia kwa utaratibu, maana mimi ni fundi, na fundi hapigi msumari kabla ya kupima.

Mimi ni seremala. Mtaani wananiita Mzee Randa, na ndivyo nilivyosajiliwa kwenu. Natengeneza vigoda na kuviuza katika soko lenu, duka linaitwa Vigoda vya Mzee Randa, lina picha ya kigoda kimoja na nusu ya mkono wangu. Duka alilifungua binti yangu, ambaye ni karani wa bohari na mambo ya simu anayajua. Mimi yangu ni mbao.

Ijumaa iliyopita mlinitumia ujumbe kwamba ule utaratibu wenu wa zamani, wa siku kumi na nne kwa kila duka, umefutwa, na sasa kila muuzaji achague sera yake ya kurudisha bidhaa kabla ya Ijumaa hii saa kumi jioni, la sivyo duka lifungwe. Mkaweka machaguo manne. La kwanza, hakuna kurudisha. La pili, siku saba. La tatu, siku kumi na nne. La nne, siku thelathini. Kila chaguo lina kiduara pembeni cha kubonyeza. Leo ni Jumanne na bado navitazama viduara hivyo. Binti yangu anasema nibonyeze cha kwanza, tupumzike. Nimekataa kubonyeza chochote, na sababu zangu naziorodhesha hapa kwa namba, ili usije ukasema hukuelewa kama anavyosema yule msaidizi wenu wa kwenye simu. Nimemwandikia mara tisa, na mara zote tisa amenijibu kwamba samahani, hajaelewa, je, ningependa kujua namna ya kubadilisha picha ya duka.

1. Lalamiko la kwanza ni hayo machaguo. Yote manne yanahesabu siku ambazo mteja anaweza kurudisha akitaka. Hakuna hata moja linalomtaka arudishe. Mteja anaachiwa hiari, na binadamu ukimwachia hiari atakaa kwake.

Najua hapo umeinua nyusi. Wauzaji wengine huumwa kichwa wakirudishiwa mashuka na blenda. Mimi naumwa nisiporudishiwa. Acha nikueleze hali yangu, kwa sababu adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Karakana yangu iko uani, nyuma ya nyumba. Mke wangu alifariki miaka sita iliyopita. Binti yangu anaondoka alfajiri kwenda bohari na kurudi jioni. Kuanzia asubuhi hadi saa kumi mwenzangu wa kuzungumza naye ni msumeno, na msumeno una neno moja tu, hilo hilo, mbele na nyuma.

Zamani, kabla yenu, watu walikuwa wanakuja wenyewe. Mtu anakuja kuchagua kigoda, anakikalia hiki, anakikalia kile, anasema huu ubao mbona una kovu, tunabishana, halafu ananisimulia visa vya mawifi zake mpaka jua linahama upande wa pili wa ua. Sasa mtu anabonyeza kwa kidole akiwa kwake, na pikipiki inakuja kuchukua mzigo. Tangu duka lifunguliwe nimeuza vigoda arobaini na tatu kabla ya kuona uso wa tatu, na mmoja wa nyuso hizo ni wa mpeleka mizigo mwenye pikipiki hiyo, siku kofia yake ilipombana masikio akaivua.

2. Lalamiko la pili ni la usafirishaji. Mara ya kwanza mteja alipobonyeza kwamba anarudisha, nilifurahi kupita kiasi. Binti yangu alinisomea ujumbe: ubao una ufa, mteja anarudisha kesho asubuhi. Basi siku hiyo nilifagia karakana, nikavaa shati lenye vifungo vyote, nikachemsha chai, nikatoa vikombe viwili. Ile pikipiki ikaja. Nyuma yake kulikuwa na kigoda kimefungwa kwa mpira. Mtu hakuna.

Niambie, Ndugu Msimamizi, mimi nifanye nini na kigoda? Vigoda ninavyo. Uani mwangu nina vigoda kumi na moja, sikumbuki kulalamika kwamba vimepungua. Nikamuuliza mpeleka mizigo kama mwenye kigoda anakuja nyuma kwa miguu, akanitazama vibaya, akasema nitie sahihi. Chai niliinywa mwenyewe vikombe vyote viwili, nisije nikaonekana nimeitupa.

Siku hiyo hiyo nilimtaka binti yangu aende kwenye mipangilio ya duka abonyeze panapoandikwa kwamba anayerudisha alete mwenyewe. Alinionya kuwa wateja hawapendi usumbufu. Nikamwambia usumbufu ndio ninaouza, vigoda ni kisingizio. Alinitolea macho, lakini akabonyeza.

3. Hapa nitakiri jambo, na naomba ulisome ukiwa umetulia.

Kwa miaka thelathini nimetengeneza vigoda vya miguu mitatu. Kigoda cha miguu mitatu hakichezi. Kiweke sakafuni, kiweke kwenye mawe, kiweke juu ya mizizi ya mti, kitasimama wima kama askari wa lango. Hiyo ni siri ya kazi yetu, na ndiyo iliyoniponza. Kitu kizuri kikiondoka kimeondoka. Nani arudishe kitu kisicho na kasoro? Basi nilipoona hakuna anayekuja, nikahamia miguu minne, na ule mguu mmoja nikawa naufupisha kidogo tu, unene wa kucha.

Usiniite tapeli. Tapeli ni yule anayekuuzia kitu kibovu halafu hapatikani. Mimi ninapatikana. Napatikana tangu asubuhi, nimekaa nakungoja wewe. Ule mguu mfupi si kasoro, ni barua ya mwaliko, ila imeandikwa kwa msumeno. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema aje na nini mkononi. Anayekuja namrekebishia bure, nampa chai, namsikiliza, na anaondoka na kigoda imara kuliko vyote alivyowahi kukalia. Mwezi wa kwanza walikuja wanne. Mmoja alikuwa mwalimu wa hesabu aliyenithibitishia kwa penseli, ubavuni mwa benchi langu la kazi, kwamba mguu wa nne ni mfupi. Nilijifanya sijui, akarudia kunithibitishia kwa njia nyingine. Ilikuwa siku njema sana.

4. Sasa wateja wameanza kunihujumu.

Katika sehemu ya maoni, chini ya picha ya kigoda changu, mteja mmoja ameandika hivi: kigoda kizuri, kinacheza kidogo, chukua karatasi ikunje mara nne uweke chini ya mguu, kinatulia. Watu kumi na saba wamebonyeza kwamba ushauri huo umewasaidia. Kumi na saba, Ndugu Msimamizi. Hao ni wageni kumi na saba niliokuwa niwakaribishe, wamezuiwa na kipande cha gazeti. Naomba maoni hayo yafutwe na mwandishi wake apewe onyo, kwa sababu kama hilo si kuingilia biashara ya mtu basi mimi sijui kuingilia ni nini.

Nikaona dawa ni kuongeza ufupi. Nikatoka unene wa kucha nikaenda unene wa kidole, nikasema hapa karatasi haitoshi, labda waweke kitabu kizima. Unajua kilichotokea? Mama mmoja mwenye mtoto mchanga akaandika kwamba kigoda hiki kinabembea chenyewe, akikikalia amempakata mwanawe, mtoto analala papo hapo. Akaagiza kingine cha mama mkwe wake. Wiki hiyo oda ziliingia tisa, zote za wenye watoto wachanga, na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Mwingine ameandika tu: kinacheza, nimekizoea. Mtu mzima, ana simu, ana haki zake zote za mteja, anazoea. Uvumilivu huu wa wateja wenu umepita mipaka na nawaomba muwaelimishe.

5. Nyota. Nina nyota tano kutoka kwa watu thelathini na wanane. Binti yangu ananionyesha kila jioni kana kwamba ananionyesha cheti. Mimi naona ni kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Mtu akiwa ameridhika kweli, miguu anayo, na njia anaijua. Naomba anayetoa nyota tano alazimike kuja kuzisema kwa mdomo.

6. Sasa nimefika kwenye kitovu cha maneno, na hapa sifanyi mzaha.

Miongoni mwa wateja wangu yuko mama mmoja, mkunga mstaafu. Jina lake kwenye programu yenu ni herufi mbili na namba ndefu, kwa hiyo mimi namwita Bi Mkunga, naye ameridhia. Amefanya kazi wodi ya wazazi miaka thelathini na minane, mumewe ni marehemu, na ana tabia ya kukutazama kama anayekuhesabia mapigo ya moyo. Alinunua kigoda cha kukalia akipalilia maua yake. Siku ya nne akakileta mwenyewe, Jumanne, saa nne kamili asubuhi, amekishika mguu mmoja kama anavyoshikwa kuku. Akasema kinacheza. Nikamwambia haiwezekani, mimi ni fundi. Akakiweka sakafuni, akakikalia, akawa anayumba kushoto na kulia huku ananitazama. Nikamkaribisha chai.

Mguu mmoja ukiwa mfupi, Ndugu Msimamizi, dawa yake ni kukata hiyo mitatu mingine ilingane nao. Nikaikata. Na wakati ananisimulia habari za daktari mmoja kijana aliyezimia chumba cha kuzalia, wakabaki yeye na mama mwenye uchungu wanampepea, mkono wangu ukaupitia tena ule mguu wa nne, kidogo tu. Sisemi nilikusudia. Sisemi sikukusudia. Jumanne iliyofuata saa nne alirudi.

Tumekwenda hivyo Jumanne sita. Kila akikichukua tena, programu yenu ilianza kuhesabu upya zile siku kumi na nne, kwa hiyo hatukuwa na wasiwasi. Yeye anakaa kwenye benchi, mimi nakata. Amenifundisha kuosha mikono mpaka kwenye viwiko. Nimemfundisha kutofautisha mbao kwa harufu, na sasa ananipita. Siku moja alikosoa msasa wangu, akasema hata mtoto wa siku moja ana ngozi iliyonyooka kuliko huo ubao, nikaurudia wote. Kile kigoda, ambacho mwanzoni kilifika juu ya goti, kimebaki urefu wa tofali lililosimamishwa. Yeye mwenyewe alisema kikikatwa mara mbili tena kitamfaa kukatia vitunguu. Hakusema nisikate.

Mara ya mwisho alikwenda kumuuguza dada yake, akakaa huko wiki mbili na siku moja. Aliporudi akabonyeza, kama kawaida yake, kwamba analeta kigoda. Na nyinyi, bila kuniuliza, bila hata kunibipu, mkamjibu kwa maandishi mekundu. Nakala ninayo, nainukuu neno kwa neno: Muuzaji amekataa ombi lako. Muda wa kurudisha umekwisha. Asante kwa kununua katika duka la Vigoda vya Mzee Randa.

Mimi nimemkataa nani? Nilikuwa uani napiga randa. Mmeandika neno ambalo sijalitamka tangu nizaliwe, mkalitia jina langu chini yake. Na kwangu mkatuma alama ya vema ya kijani, mkinipongeza kwa kuepuka bidhaa moja kurudishwa.

Pengine mteja mwingine angepuuza, angekuja tu. Bi Mkunga si wa namna hiyo. Huyu ni mtu aliyetumia miaka thelathini na minane kuwatoa jamaa wa wagonjwa wodini saa ikigonga, awe mume, awe mkwe, awe na chupa ya uji mkononi, nje. Kwake yeye muda ukiisha umeisha, na mtu akikataa amekataa. Hawezi kuja kubisha mlangoni kwa mtu aliyemwandikia hivyo. Hajaja Jumanne tatu. Leo ni ya nne, na saa nne imeshapita.

Nimejaribu kumwandikia kwenye programu, nikaambiwa mazungumzo haya yamefungwa kwa sababu oda imekamilika. Nimetafuta anwani yake, nikaambiwa imefichwa kwa usalama wa mteja. Usalama dhidi ya nani? Dhidi yangu mimi na randa yangu? Kwa siku tatu nimezunguka mitaa ya jirani nikichungulia bustani zenye maua yaliyopaliliwa vizuri, mpaka mlinzi mmoja akaniuliza natafuta nini, na nilipomjibu kwamba natafuta kigoda kifupi, alinisindikiza hadi barabarani.

Utaniuliza kwa nini katika Jumanne zote hizo sikumwomba namba ya simu. Binti yangu ameniuliza hivyo hivyo, kwa sauti ya juu zaidi. Jibu ni kwamba niliona haya. Nina miaka sitini na saba. Mtu wa umri wangu anamwomba mwanamke namba ya simu kwa sababu gani? Sababu yangu ilikuwa kigoda, nayo ilikuwa sababu ya heshima, ya mbao, mtu yeyote angeweza kuiona. Nilijua kigoda kitarudi, na kikirudi atakuja nacho. Kazi iliyokuwa ya mdomo wangu niliiachia sera yenu, na sera yenu ikaenda kuniharibia. Najisikia vibaya, Ndugu Msimamizi. Nalisema hili wazi kwa sababu wewe hunijui. Asubuhi ya Jumanne nakuwa mtu wa kusikiliza lango, na lango langu kwa kawaida halina la kusema.

7. Kwa sababu hizo zote, naomba Soko likubali chaguo la tano, ambalo nimelitungia masharti yafuatayo ili msipate taabu.

Kila anayenunua kigoda atakirudisha ndani ya siku kumi na nne, yeye mwenyewe, kwa miguu yake au kwa chombo chochote, lakini si kwa mpeleka mizigo. Akikuta kigoda hakichezi, atakirudisha vilevile ili atoe ushahidi huo mbele yangu. Atakaa si chini ya saa moja. Muda ukiisha hajaja, utaongezwa wenyewe bila kuombwa, na utaendelea kuongezwa. Mteja aliyehama mji atamtuma ndugu yake, na ndugu huyo awe mwongeaji. Mteja aliyefariki, Mungu amrehemu, warithi wake watakuja na kigoda, nitawapa pole na chai. Karatasi iliyokunjwa ikionekana chini ya mguu wa kigoda changu popote pale, mwenye nyumba atapoteza haki ya kununua vigoda kwa mwaka mmoja, na katika mwaka huo atakuwa anakuja kwangu kila mwezi kueleza kwa nini alifanya hivyo. Nimeona pia katika orodha ya wateja kwamba wewe mwenyewe hujanunua kigoda kwangu hata kimoja. Sikulaumu, lakini nadhani msimamizi anayepanga sera za kurudisha bila kuwahi kurudisha chochote ni sawa na fundi asiye na vumbi. Agiza kimoja. Nitauangalia ule mguu kwa uangalifu maalumu.

Kama masharti hayo yote ni mengi, nitayaacha, hata sasa hivi, nikiahidiwa moja tu. Yule mama mwambieni si mimi niliyekataa. Ninyi mnaijua anwani yake. Andikeni kwa rangi yoyote ile isiyo nyekundu kwamba Mzee Randa hakuulizwa, na kwamba Jumanne saa nne yupo.

Nayaleta haya kwako kwa heshima zote na kwa mikono yenye gundi, nikitumaini utayasoma kabla ya Ijumaa saa kumi. Nisalimie wote hapo ofisini, wakubwa na wadogo, na wale wanaofagia. Msalimie yule msaidizi wa kwenye simu, mwambie sina kinyongo naye, kutoelewa si dhambi. Wasalimie wapeleka mizigo, na mmoja wao mnunulieni kofia inayomtosha. Mama yako mzazi kama yu hai mpe salamu zangu, na kama ana kiti kinachocheza, najua utamwelekeza.

Ni mimi, muuzaji wenu mwaminifu,
Mzee Randa,
Seremala.

Nakala kwa: Binti yangu, ingawa najua akiisoma atakataa kutia neno.

Nyongeza: Barua hii ilikuwa imekwisha, nimeshapiga picha kurasa zote ili binti yangu aitume, mlango wa karakana ukagongwa. Alikuwa Bi Mkunga na kigoda chake. Ameeleza kwamba jana alifungua ukurasa wa duka langu akakuta mmeandika kuwa muuzaji huyu bado hajachagua sera. Basi akakaa akayasoma masharti ya Soko yote hadi chini, nadhani ni mtu wa kwanza kufanya hivyo, akaona kwamba pasipo sera hapana muda, na pasipo muda hakuna aliyechelewa. Amechelewa leo kwa sababu aliyasoma mara ya pili asubuhi ili awe na hakika.

Barua ameisoma yote akiwa amevaa miwani, ananiamuru nisahihishe mambo mawili. Ni Jumanne saba, si sita. Na tangu ile ya pili alishajua, kwa sababu alikuwa anatazama mkono wangu, si kikombe chake. Alikuwa anangoja aone nitachoka lini. Anasema mtu mzima akitaka mgeni husema karibu, haharibu mbao za watu. Nimemwambia karibu. Nimemwomba na namba ya simu, akanipa, mambo yote hayo yamechukua muda mfupi kuliko kuchemsha maji.

Kwa hiyo, Ndugu Msimamizi, naomba uyafute yote niliyoandika hapo juu, kuanzia salamu hadi sahihi, na unibonyezee kile kiduara cha kwanza: hakuna kurudisha. Kwa wateja wote, bila kumbagua mtu. Na ukiweza ulifanye hili mara moja, maana hivi ninavyoandika kuna mteja amesimama langoni na kigoda, anabisha kwa mara ya tatu, na sisi wawili tumekaa kimya humu ndani tukijifanya hatupo.